Sauti ya Pili Upande wa Kushoto

Kuimba sijui. Nikifungua mdomo kanisani, walioketi mbele yangu hugeuka kuona kuna nini. Lakini masikio ninayo, na kwa masikio najidai waziwazi. Nikiwa kwenye cherehani yangu hapa sokoni Ipinda, naweza kukwambia gari linaloelekea Matema limebeba magunia au limebeba watu kabla hujaliona. Fundi mwenzangu wa jirani, sindano yake ikianza kuwa butu, mimi ndiye humwambia abadilishe. Nashona na muziki tangu nafungua mpaka nafunga: rumba, taarabu, bongo fleva za wanangu, zouk za zamani, na kwaya zaidi ya vyote. Wimbo wenye mpangilio nautunza. Wenye kelele tupu naufuta siku hiyohiyo, hata kama nchi nzima inaucheza.

Ila nilikuwa nasikiliza kwa sikio moja. Huku kwetu si rahisi kuziba yote mawili. Mtu hakusalimii akapita zake. Atakuuliza umeamkaje, watoto wameamkaje, mama anaendeleaje, shamba je, na kila kipande ukijibu. Mtu akikuamkia "Ugonile" ukakaa kimya kwa sababu umejaza vitu masikioni, ukirudi nyumbani utakuta habari imekutangulia kwamba siku hizi unaringa. Kwa hiyo sisi sote, mafundi, wanunuzi wa kakao, waendesha bodaboda, upande mmoja wa spika za masikioni tunautia sikioni, wa pili tunauacha uning'inie kifuani. Zikifa upande mmoja hatuzitupi. Tunasema bado nzima.

Sasa nieleze habari ya mama yangu, maana hedifoni kubwa unazoniona nazo leo hazikuja kwa ajili ya urembo.

Mama aliimba kwaya ya kanisa letu tangu usichana wake. Aliimba sauti ya pili, ile ya wanawake inayokaa chini ya sauti ya kwanza. Sauti ya kwanza ndiyo inayobeba wimbo, ndiyo watu wanayoondoka nayo wakienda kupika. Ya pili hakuna anayeondoka nayo. Ikikosekana, wimbo unabaki na pengo ambalo msikilizaji hawezi kulitaja, anaona tu kwamba leo kwaya haikunoga. Mama aliipenda hivyo hivyo. Alikuwa akisema sauti ya kwanza ni ya kila mtu, ya pili lazima uwe na akili.

Zamani za kaseti, mimi sijaja duniani, alikuja mtu na mitambo yake akairekodi kwaya hiyo mle kanisani. Walirekodi wimbo mmoja wa mavuno, wa Kinyakyusa, uliotungwa na mwalimu wao wa wakati huo. Ni huo huo mmoja tu uliosalia. Kaseti ilikaa kabatini kanisani miaka na miaka, mpaka mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, mwenye kibanda cha kuingiza nyimbo kwenye simu pale Bondeni, Kyela mjini, alipoiomba akaihamishia kwenye kompyuta. Tangu hapo wimbo uko kwenye simu za watu, kutoka huku kwetu hadi ziwani.

Juzijuzi kwaya ikaanza kujiandaa kwa sikukuu yake kubwa, na wote wakakubaliana kwamba wimbo ule lazima uimbwe. Mwalimu wa kwaya wa sasa ni kijana wa hapa hapa, mpole, mwenye sikio zuri. Akaketi na rekodi, akatoa sauti ya kwanza, akatoa ya tatu ya wanaume. Besi haikusikika vizuri, lakini wazee wa besi bado wapo hai, wakamwimbia sehemu yao moja kwa moja. Ikabaki sauti ya pili. Wenzake mama wa sauti hiyo wengine wamelala makaburini, wengine wameolewa mbali na simu zao hazipatikani. Amebaki yeye.

Nilikuwepo siku hiyo, nimepeleka sare za kwaya kupimwa. Mwalimu akawatangazia wanawake kwamba kwenye rekodi sauti ya pili haimo, kwa hiyo atatunga mpya. Mama akasimama kwenye benchi la nyuma.

"Imo," akasema. "Niliimba mimi."

"Tuimbie basi, mama."

Akaimba. Sauti ya mama siku hizi imechakaa, inakatika katikati kama uzi mbovu. Alianza vizuri, akapotea, akarudi kusikokuwa kwake. Wanawake wakaangalia sakafu. Binti mmoja akaficha kicheko kwenye kitenge, nikamwona, na mpaka leo nikimshonea nguo simwongezei hata kifungo cha akiba.

"Mama, tunakuheshimu sana," mwalimu akasema, na kweli alisema kwa adabu. "Ila hiyo uliyoimba inagongana na sauti ya tatu. Na kwenye rekodi haimo kabisa. Pengine ilikuwa wimbo mwingine."

Mama akaketi. Tulirudi nyumbani kwa miguu. Tulipofika kwenye migomba yetu akasimama, akanishika mkono.

"Nilikuwepo," akasema. "Najua nilikuwepo. Au ndiyo nimeanza kuchanganyikiwa?"

Swali hilo liliniuma kuliko kicheko cha yule binti. Mama yangu ni mtu anayekumbuka nani alimletea mbegu gani na ilizaa namna gani. Kama leo anaweza kudanganywa na simu mpaka ajitilie shaka mwenyewe, basi kesho atatilia shaka kila kitu, hata majina yetu. Nikamwambia, "Mama, nitakutafuta humo mpaka nikupate." Nilisema kwa hasira, kama mtu anayekwenda kudai ng'ombe wake.

Nikaanza na rekodi iliyokuwa kwenye kundi la WhatsApp la kwaya, ile mwalimu aliyoitumia. Nikaisikiliza mara ya kwanza kwa nia ya kuchunguza, nikashangaa tulivyokuwa tunaridhika nayo. Nyuma ya wimbo kulikuwa na kuku. Kanisani pale hapakuwa na kuku. Nikauliza kwenye kundi ilikotoka, mama mmoja akajibu bila wasiwasi kwamba yeye alicheza wimbo kwenye simu ya mumewe, akaweka simu yake kando, akaurekodi kama ujumbe wa sauti, akaurusha. Kumbe kwaya nzima ilikuwa inajifunza wimbo kutoka kwenye simu iliyosikiliza simu nyingine uani kwa mtu!

Nikapanda bodaboda mpaka Bondeni. Mdogo wangu alikuwa na wateja, akanivutia kigoda. Nikamweleza yote.

"Dada, hata hiyo ya simu ya mumewe ilitoka kwangu," akasema, "na nilikwishaibana. Mtu anakuja na kadi ndogo anataka nyimbo zote za dunia. Nisipobana haziingii. Nazigeuza MP3 ya chini kabisa, pande mbili nazisaga ziwe moja. Tangu nifungue hapa hakuna aliyewahi kuniuliza habari za ubora."

"Leo nakuuliza mimi."

Akanielewesha, na kwa kuwa ananijua, alinieleza kwa mchele. Mchele ukiupitisha mashineni mara moja, unapata mchele. Ukiupitisha tena na tena unazidi kuwa mweupe na mwepesi, lakini unakula chenga. Faili likibanwa hufanya hivyohivyo: mashine inatupa kile inachodhani hutakisikia, na cha kwanza kutupwa ni kile kilichokaa kimya chini ya kingine. MP3 iliyobanwa kwa kiasi haina ubaya, sikio la kawaida halitadai kitu. Iliyobanwa mpaka mwisho, wimbo unabaki mifupa. Na lipo faili lisilobanwa kabisa, WAV, zito, ambalo limebeba kila kilichokuwa kwenye kaseti hata mvumo wa kaseti yenyewe.

"Hilo la kwanza ulilotoa kwenye kaseti, unalo?"

"La mama mkubwa nilifute?" akasema. Nilitaka kumbusu.

Faili lilikuwa zito kiasi kwamba nilifuta filamu zote za mume wangu ndipo likaingia. Nikaenda kuketi nje, nikatia spika yangu sikioni kama kawaida, nikasikiliza. Jamani! Sauti ya kwanza ilitoka kama wanawake wale wamesimama mbele yangu. Nilisikia wakivuta pumzi. Nilisikia mtu akikohoa mbali, na benchi likilia. Sauti ya tatu ya wanaume ikaingia pembeni yao, safi, kila neno lake. Nikasubiri sauti ya pili. Nikasikiliza hadi mwisho, nikarudia, nikafumba macho nikarudia.

Mama hakuwemo.

Nilirudi Ipinda nimenywea. Njia nzima nilikuwa na jambo moja kichwani ambalo sikutaka kulitazama: labda mwalimu alikuwa sahihi. Labda siku ya kurekodi mama aliugua akabaki nyumbani, na miaka ilivyopita akajiweka mwenyewe mle ndani. Nilimkuta anatandaza kakao kwenye mkeka, akainua kichwa.

"Umenisikia?"

"Bado natafuta, mama."

Akarudi kwenye kakao yake, akizigeuza mbegu mojamoja.

Kesho yake nikiwa kwenye cherehani niliuweka tena wimbo ule, si kwa matumaini, kwa ukaidi tu. Mzee mmoja akapita kunisalimia. Ni mmoja wa wale wa besi, na yeye salamu zake huzisikii tu, meza inatetemeka kidogo. Nikamjibu, akaenda zake. Ndipo mguu wangu ukasimama kwenye pedali.

Besi iko wapi? Yule mzee aliimba kwenye rekodi ile, hilo halina ubishi, na wenzake watatu wanashuhudia. Kwenye rekodi mbovu ya kundi tulisema simu ndogo haitoi besi. Lakini faili hili halijabanwa. Nasikia mtu akikohoa mlangoni, halafu nisisikie wanaume wazima wanne wa besi? Kwaya ya Wanyakyusa bila besi! Watu wetu wakiimba besi madirisha yanajibu. Hapo nikajua kosa si la mama. Kuna nusu ya kwaya imefichwa mahali, na popote besi ilipo, mama yupo nayo. Nikafunika cherehani mchana kweupe, nikamwachia jirani funguo.

Nilimvamia mdogo wangu kibandani kwa hasira. Nikamwambia amenipa nusu ya wimbo. Akafungua kompyuta yake, akaniwekea faili lile kwenye kioo: mistari miwili ya mawimbi, mmoja juu mmoja chini, na haikufanana.

"Ona, walitumia maikrofoni mbili," akasema. "Upande huu ni watu hawa, upande huu ni watu wengine. Zote zimo, dada. Hebu lete spika zako."

Akatia upande wangu ninaotumia sikioni kwake, akatikisa kichwa kukubali. Akatia ule unaoning'inia. Akauchomoa, akaupulizia, akautia tena.

"Huu umekufa lini?"

Sikio la kushoto kwangu ni la salamu. Upande ule ungeweza kufa tangu siku niliponunua, nisingejua. Yeye akaanza kucheka mpaka wateja wakageuka, na mimi pamoja na hasira zangu nikacheka. Fundi mwenye masikio ya kujidai!

Basi tukaanza kuchagua, na hapo niliona kwamba kibandani mle nilikuwa mteja wa kwanza anayechagua kwa wimbo badala ya rangi. Alinipa kwanza zile zisizo na waya, ndogo kama punje za maharage. Nzuri za kutembea nazo, lakini akaniambia mwenyewe kwamba simu inabana wimbo tena ndipo iurushe hewani, na mimi kubanwa kulikwishanichosha. Nikazirudisha. Akanipa zenye besi za kishindo, zinazopendwa na vijana. Besi ikaja kweli, ikaja mpaka meno yakagongana, wazee wetu wa heshima wakawa kama spika za sherehe, na chini yao husikii mwanamke yeyote. Nikazivua haraka. Akanipa nyingine zinazong'arisha, kila "s" inakuchoma sindano.

Mwisho akatoa chini ya meza hedifoni kuukuu za waya, kubwa, za kufunika sikio zima, sponji yake imebanduka kidogo. Zilitoka kwa mtu aliyefunga studio yake. Mdogo wangu alizitumia mwenyewe kupimia kazi zake.

"Hizi haziongezi kitu wala kupunguza," akasema. "Watu wanasema hazina raha."

Nikazivaa. Mtaa wote ukazimika. Ni mara ya kwanza katika maisha yangu ya utu uzima kuziba masikio yote mawili mbele za watu, nikajihisi kama nimeingia chumbani nikafunga mlango. Akabonyeza.

Sauti ya kwanza kulia, pale pale nilipoizoea. Na kushoto, ee Mungu wangu, besi, wale wanne, pana, imara. Na juu ya besi, wanawake. Wachache. Na mmoja kati yao nilimjua kabla hajamaliza neno. Ilikuwa sauti iliyoniita nirudi ndani mvua ikianza, iliyonigombeza, iliyonibembeleza, ila ilikuwa changa, nyororo, haijakatika popote, na haikubabaika. Ilikuwa inakwenda njia ileile mama aliyojaribu kuimba siku ile kwenye benchi la nyuma. Na haikugongana na sauti ya tatu hata kidogo: ilisuguana nayo kwa makusudi, kisha ikaachia, na kila ilipoachia wimbo ulifunguka. Nililia pale kibandani Bondeni, na sikujali nani ananiona. Mdogo wangu aliniuliza kitu, sikumsikia, na kwa mara hii nilikuwa na haki.

Sikuzivua. Nilizinunua zikiwa kichwani.

Nilimwita mwalimu wa kwaya aje kwetu, naye akaja na wanawake wa sauti ya pili. Sikutaka asikie kwanza yeye. Nilimketisha mama kwenye kiti chake uani, nikamvalisha hedifoni juu ya kilemba. Akasema zinabana. Nikabonyeza.

Mwanzoni alitazama tu mbele. Halafu midomo ikaanza kucheza. Akataja kwa sauti ndogo mwenzake mmoja aliyefariki, kisha mwingine, kama mtu anayewapokea wageni mlangoni. Halafu akakaa wima. Sijawahi kumwona mama akikaa vile. Ukimtazama ungedhani amepewa uchifu.

"Ndiye huyu," akasema kwa nguvu, maana mwenye hedifoni hajui anapaza sauti. "Huyu ndiye mimi!"

Mwalimu akachuchumaa mbele yake, na yeye akavalishwa, akasikiliza hadi mwisho bila kupepesa. Akazivua akamshika mama mikono yote miwili. "Ndaga fijo, asante sana, mama," akasema. "Kumbe umo, na ni nzuri kuliko ambayo ningetunga." Kisha wanawake wakaanza kuzivaa kwa zamu. Yule binti wa kicheko alipofikiwa, mama alimrekebishia mwenyewe zikae vizuri.

Walipofika ubeti wa tatu, mmoja wao akavua upande akauliza, "Mama, hapa katikati unanyamaza. Wenzako wanaendelea, wewe unapotea kidogo, ndipo unarudi. Na sisi tunyamaze?"

Mama akaomba asikie. Tukamrudishia pale. Akasikiliza, akacheka peke yake, akanitazama mimi.

"Hapo ulinipiga teke," akasema. "Nilikuwa na mimba yako, kubwa. Waliniambia nibaki nyumbani, nikakataa. Ukanipiga teke la mbavu pumzi ikakata. Na yule mtu wa mitambo akasema harudii."

Uani kote wakapiga vigelegele. Mimi nilikosa pa kuweka uso. Mwalimu akauliza kwa heshima kama wakiache kipande hicho kama kilivyo, kwa kumbukumbu.

"Jazeni," mama akasema. "Mimba ilikuwa yangu, si ya kwaya."

Siku hizi nyimbo zangu za sokoni ni MP3 iliyobanwa kwa kiasi, nyingi, na kwa kazi ya cherehani zinatosha. Za watu wangu naziweka nzima bila kubanwa, hata zikila simu yote. Hedifoni zikiwa kichwani, mteja anayetaka kunisalimia ananigusa bega, nami navua nikamjibu kila kipande.

Siku ya sikukuu nilikaa na mama benchi la mbele. Kwaya ilisimama na sare nilizoshona, besi ikatetemesha madirisha, na wanawake wa sauti ya pili wakaingia njia yake mama, wima, bila kuomba ruhusa. Mama alikuwa anaimba nao chinichini, midomo tu. Ubeti wa tatu ulipofika pale, wao walipita moja kwa moja, wamejaza kama alivyowaagiza. Yeye alinyamaza. Akaweka mkono kwenye goti langu, akangoja, kisha akaendelea.